Chupa ya Kumi na Tisa

Umeme ulikatika Kutaisi tangu Jumapili.
Ile mashine ya kupimia, iliyoletwa kwa mbwembwe
enzi serikali ilipokuwa serikali,
tulishaigeuza pa kutundikia makoti.

Mwalimu Lamara akatumiminia kila mtu kidogo
kutoka chupa isiyo na jina, yenye namba tu.
"Leo kitajisema chenyewe.
Kiulizeni kwa adabu, tone kwa tone,
na msinuse. Pua ni jirani mmbeya:
hulijua jina, haijui habari."

Wakanusa, bila shaka.
Guram alicheka, akaandika neno moja,
akaenda zake kupanga foleni ya mkate.
Zaza akamfuata. Tsiuri akaninong'oneza,
"Makvala, hii hata bibi yangu kipofu..."
jicho la mwalimu likamkata kauli.

Mimi nilikuwa na mafua.
Siku ya nne, pua imefungwa
kama duka la dawa la mtaa wetu.
Kwangu ilikuwa maji ya manjano tu,
mazito kidogo, hayana la kusema.

Nikaanza.
Feri kloridi: nilingoja zambarau, haikuja. Si fenoli.
Bromini: rangi yake ikafifia taratibu,
nikashuku mle ndani mna kaboni mbili
zilizoshikana kwa mikono yote miwili.
Kitendanishi cha chungwa: hapo hapo
yakashuka mashapo mekundu,
kama ajika chini ya bakuli la mama.

Aldehidi, basi, au ketoni?
Nitrati ya fedha. Amonia, tone, tone,
hadi ule utusitusi uliozuka ukatoweka.
Taa yetu ilikunywa chacha, pombe ya zabibu
ya kaka yake mwalimu;
spiriti ilituishia Novemba.
Maji yakapata uvuguvugu. Usitikise, nilijiambia.
Usitikise.
Neli ikaingia giza, kisha ikang'aa,
na ndani ya fedha nikaiona kofia ya sufi,
mshumaa, na pua nyekundu isiyo na kazi.

Ningeishia hapo.
Lakini karatasi ilikuwa na mstari mmoja zaidi:
magadi, yale yale ya keki,
ambayo nyumbani hatukuwa na unga wa kuyatilia.
Nikanyunyiza.
Mapovu.
Si mengi. Saba, labda nane,
yakapanda yamejitenga tenga kama watu waliochelewa ibada.
Aldehidi haitoi mapovu kwa magadi!
Nikaosha neli, nikarudia. Nikarudia tena.
Saba, labda nane.
Nikaandika: *Aldehidi. Na asidi kidogo. Sielewi.*

Jioni mwalimu alisahihisha, koti mabegani.
Daftari kumi na moja: mdalasini, mdalasini, mdalasini.
Langu halikuwa na jina.
Alilisoma mara mbili,
akainyanyua chupa karibu na mshumaa,
akaigeuza mpaka tukaziona wote wawili
punje nyeupe zimeganda shingoni.

"Hewa," alisema. "Imekuwa ikiingia.
Aldehidi ikiachwa na hewa hugeuka asidi,
polepole, bila kumwambia mtu.
Niliifungua mwaka Irakli alipoanza shule."
Irakli alikuwa na miaka ishirini wakati huo,
mahali ambako barua zilikuwa hazitoki tangu Septemba.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Alifuta shingo ya chupa kwa pindo la koti lake,
zote, hata punje zisizoonekana,
akakaza kizibo. Akakikaza tena.

Wiki iliyofuata pua ilifunguka,
nikarudi kabatini peke yangu kuinusa.
Kizibo kilinishinda; ilibidi nikizungushie kitambaa.
Ilikuwa mdalasini.
Wote walikuwa wamepata.